Sharpstown: Watu Wake, Nyumba Zake, na Sisi Tuliomo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa ukoo, Houston, Texas)



Sina budi kwanza kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena tukiwa wazima, na kuwarehemu wale waliotutangulia tangu mkutano uliopita. Pili, naishukuru kamati kwa kunipa heshima ya kuzungumza kabla ya chakula. Waliozungumza baada ya chakula mwaka jana wanajua kilichowapata.

Mada niliyopewa ni hali ya mtaa huu: watu wake ni akina nani, nyumba zake ni za namna gani. Haikuchaguliwa kwa kupiga gumzo. Alasiri hii tunayo hoja ya mfuko wetu wa kusaidiana. Wako wanaotaka mfuko uruhusiwe kuwakopesha wanaukoo malipo ya awali ya kununulia nyumba hapa Sharpstown. Wako pia wanaosema kwamba Sharpstown imechakaa, kwamba heri tuhamie Katy au Richmond kwenye nyumba mpya, na umoja wetu utufuate huko. Hoja zote mbili zimeletwa na watu wenye akili timamu, na zote zimesemwa kwa ukali uliozidi kiasi. Nami kwa kuwa nimekula mshahara wa serikali mbili kwa kazi ya kuhesabu watu na viwanja, kwanza nyumbani Tanzania, ambako nilihudumu katika sensa ya mwaka 1988, kisha huku Texas katika ofisi ya serikali za mitaa hadi kustaafu kwangu, nimeombwa niweke mezani yanayojulikana, kisha mkutano uamue.

Waama, mtaa huu haukuota wenyewe. Ulichorwa. Aliyeuchora ni mfanyabiashara wa ardhi aitwaye Frank Sharp, ambaye jina lake ndilo lililobaki kwenye ramani. Baada ya Vita Kuu ya Pili alikuwa amekwisha kujenga Oak Forest kaskazini-magharibi mwa mji, na katikati ya miaka ya 1950 akageukia nyanda za nyasi za kusini-magharibi, kama maili 10 kutoka katikati ya jiji. Mwaka 1950 Houston ilikuwa na watu 596,163. Mwaka 1960 ilikuwa na watu 938,219. Mji unaoongeza watu laki tatu na zaidi katika miaka 10 unataka mahali pa kuwalaza, na Sharp alilifahamu hilo mapema. Alitoa ardhi ili barabara kuu ya kusini-magharibi ipite ubavuni mwa viwanja vyake. Watu waliusifu ukarimu ule, na ulikuwa ukarimu wenye hesabu ndani yake, kwa maana kiwanja kisicho na barabara ni malisho ya ng'ombe tu.

Nyumba zilizojengwa ni hizi mnazoziona mkikata kona kutoka Bellaire Boulevard kwenda ndani: za chini, zisizo na ghorofa, ukuta wa matofali mekundu kwa nje, mbao kwa ndani, sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya udongo, vyumba vitatu vya kulala, gereji, na uwanja wa nyasi mbele usiolimwa mchicha. Mwaka 1961 likafunguliwa jengo la maduka lenye viyoyozi, ambalo sasa laitwa PlazAmericas. Vijana waliozaliwa katika baridi ya mashine hawawezi kuona ajabu yake. Lakini anayejua joto la Houston mwezi wa Agosti, ambalo ni ndugu wa joto la Tanga mwezi wa Februari, ataelewa kwa nini watu walikwenda kule hata bila ya haja ya kununua. Chuo cha Wabatisti kikafungua madarasa yake mwaka 1963. Tangu 2022 kinaitwa Houston Christian University. Mwaka 1962 Sharp alitaka hata kuwapa wanaanga saba wa Mercury nyumba za bure katika mtaa huu. Maneno yakawa mengi, nao hawakuzichukua.

Habari ya Sharp na benki yake iliyofungwa mwaka 1971 nitaipita haraka, ingawa ni tamu. Ilitosha kumtia hatiani Spika wa Bunge la Texas, Gus Mutscher, mwaka 1972 kwa kula njama ya kupokea rushwa, na kwa miaka mingi baadaye mtu akitaja Sharpstown mahali popote katika Texas, msikilizaji hafikirii nyumba bali fedha. Naitaja kwa sababu sifa mbaya ya mtaa huu ni ya zamani kuliko sisi. Wanaotusimulia kwamba Sharpstown iliharibika walipokuja wageni wanasahau kwamba ilikuwa gazetini kwa aibu wakati wageni hao bado wako kwao.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo bila kulifahamu mtu hawezi kuuelewa mtaa huu. Houston ndilo jiji kubwa kuliko yote ya Marekani lisilo na sheria ya kugawa maeneo ya mji kwa matumizi. Wapiga kura walikataa mwaka 1948, wakakataa mwaka 1962, wakakataa tena mwaka 1993. Badala ya ramani ya serikali, kinachotawala ni masharti yaliyoandikwa kwenye hati za viwanja vyenyewe: hapa ni nyumba ya familia moja, hapana duka, hapana gereji ya kutengeneza magari, hapana kujenga karibu na barabara kupita futi kadhaa. Masharti hayo yana muda wake, huhuishwa, na yanatetewa na vyama vya wenye nyumba na hata na ofisi ya mwanasheria wa jiji. Palipo na masharti, pamelindwa. Pasipo na masharti, mwenye fedha anajenga atakacho.

Natija yake ni kwamba kuna Sharpstown mbili. Moja ni ya ndani, ya vichochoro vilivyopinda, nyumba za chini na miti mikubwa. Nyingine ni ya pembezoni, kandokando ya barabara kubwa, ya majengo marefu ya kupangisha yaliyobanana, kila moja na geti lake la chuma na jina la kifahari. Wapita njia huona ya pili tu, kisha huihukumu ya kwanza. Na wengi wetu tulipofika tuliishi katika ya pili, wala hatukujua kwamba ya kwanza ipo hadi tulipoanza kuwatembeza watoto.

Majengo hayo ya kupangisha yalijengwa kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970, wakati bei ya mafuta ikipanda na vijana kutoka majimbo ya kaskazini wakimiminika Houston kutafuta kazi. Yalijengwa kwa ajili ya kapera. Chumba kimoja cha kulala, bwawa la kuogelea, mahali pa kuegesha gari, basi. Mengi yalikuwa hayapokei watoto kabisa, na sheria ilikuwa haijakataza. Mafuta yakaanguka, kwanza polepole tangu 1982, kisha kwa kishindo mwaka 1986. Makapera wakaondoka. Majengo yakabaki na madirisha meusi, na wenye majengo wakapunguza pango na kubandika matangazo ya Kihispania, kwa kuwa watu waliokuwa wakifika wakati huo ni wale waliokimbia vita vya El Salvador na Guatemala. Mwaka 1988 Bunge la Marekani likarekebisha sheria ya haki ya makazi ya mwaka 1968, ikawa marufuku kumkatalia mpangaji kwa sababu ana watoto.

Ndugu zangu, hapo ndipo ulipo mzizi wa mambo mengi tunayoyalalamikia. Nyumba iliyokusudiwa mtu mmoja na mbwa wake ikapokea baba, mama, watoto wanne na bibi. Uwanja wa kuchezea haukuwamo katika mchoro, basi watoto wakacheza maegeshoni. Shule zilizojengwa kwa hesabu ya nyumba za ndani zikajaa watoto wa pembezoni, na nyuma ya madarasa yakaja mabanda ya muda ambayo hayakuwa ya muda. Hakuna aliyekosa maadili hapo. Ni mahesabu ya mchoraji yaliyopitwa na watu. Nilipata kuyaona mambo ya namna hiyohiyo Sinza na Kijitonyama, katika mradi ule wa miaka ya 1970 wa viwanja vilivyopimwa na kuwekewa huduma. Kiwanja kilikusudiwa kaya moja ya kipato cha chini. Baada ya miaka michache utakuta nyumba kubwa mbele, banda la wapangaji uani, na fremu ya duka ukutani. Tofauti ni kwamba Sinza mwenye kiwanja aliweza kuongeza chumba kwa tofali lake mwenyewe, ilhali mpangaji wa hapa hana ruhusa hata ya kupigilia msumari.

Kuhusu watu wenyewe. Wanunuzi wa kwanza walikuwa familia za Kizungu, wengi wao maaskari waliorudi vitani na watoto wao. Baada ya 1975 wakaja Wavietnamu, na nyuma yao Wachina, ambao wameigeuza Bellaire Boulevard kwa upande wa magharibi kuwa mji wa Waasia usio na mfano katika Texas. Wahindi na Wapakistani wakashika Hillcroft na Harwin, na tangu 2010 sehemu hiyo ina jina rasmi la Mahatma Gandhi. Watu wa Amerika ya Kati na Meksiko ndio wengi kuliko wote. Wahispania peke yao ni zaidi ya nusu ya wakazi. Wanijeria wakaja kwa elimu na biashara. Mwaka 2005 tufani ya Katrina ikaleta maelfu ya watu wa New Orleans, wengi wakiwekwa katika majengo yaleyale ya kupangisha. Na katika miaka ya baadaye wakaletwa kwa utaratibu wa wakimbizi Warundi waliokuwa makambini Tanzania, Wakongo wa Nyarugusu, na mwishoni Waafghani baada ya 2021. Ndiyo sababu leo ukisimama kwenye kituo cha basi la Bellaire asubuhi utasikia Kiswahili cha Uvira na Baraka kabla ya kusikia cha Tanga, na mama wa Kikongo atakuamkia vizuri zaidi kuliko baadhi ya vijana wetu. Mlango ule wa wakimbizi ulifungwa kwa amri ya Januari 2025, na athari yake imeonekana mara moja katika ofisi zilizokuwa zikiwapokea.

Sasa tarakimu. Najua wengine wameleta makaratasi yenye takwimu za mtaa huu na kila mmoja ana namba yake. Sitapingana na namba ya mtu. Nitaeleza zinavyopatikana, ili mjue ipi ibebwe kwa mikono miwili na ipi kwa vidole.

Marekani huhesabu watu wote kila baada ya miaka 10, tangu mwaka 1790. Hadi mwaka 2000 baadhi ya kaya zilipewa fomu ndefu yenye maswali ya kipato, pango, lugha na umri wa nyumba. Fomu hiyo ikafutwa, na mahali pake tangu 2005 pakawekwa uchunguzi wa kila mwaka unaofikia anwani kama milioni 3 na nusu nchi nzima. Kwa hiyo unaposoma kwamba asilimia fulani ya kaya za Sharpstown ni wapangaji, hilo halikutoka katika kuhesabu bali katika sampuli iliyokusanywa kwa miaka mitano na kuunganishwa. Kila makisio yana ukingo wake wa makosa. Kwa kundi kubwa ukingo ni mdogo, nami naweza kusema bila kusita kwamba wapangaji hapa ni wengi kuliko wenye nyumba, kama ilivyo kwa jiji zima. Kwa kundi dogo, jihadhari. Karatasi ikisema watu 300 na ukingo ni 200, maana yake ni kwamba huenda ni 100 na huenda ni 500, na anayesimama na 300 kifua mbele hajasoma safu ya pili.

Sisi ni kundi dogo. Tangu 2016 majedwali ya lugha yana fungu linaloitwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini. Kwa hiyo Mshona na Mlingala wamo humo pamoja nasi, lakini jina lililotangulia ni letu, nalo si jambo dogo: ofisi ya shule au hospitali inayotafuta mkalimani huangalia jedwali hilo. Katika sensa ya 2020 chini ya kisanduku cha Mweusi paliwekwa mstari wa kuandika asili yako. Wangapi kati yetu waliandika Mtanzania? Nilipouliza mezani kwangu mwenyewe, kati ya watu wazima sita, wawili ndio walioandika, mmoja aliweka alama akaacha mstari mtupu, na watatu walidhani aliyejaza ni mwingine.

Serikali yenyewe ilikagua sensa ile baadaye. Ilikuta kwamba Wahispania walipungukiwa kwa asilimia 4.99 nchini kote, Weusi kwa asilimia 3.30, na Texas ni moja ya majimbo sita yaliyohesabiwa pungufu, kwa asilimia 1.92. Mtaa kama huu, wenye wapangaji wengi, lugha nyingi na watu wawili wawili wanaolala sebuleni bila ya kuwamo kwenye mkataba, ndio hasa unaopotea. Mtu huogopa kumtaja mpwa wake kwenye fomu kwa kuhofia mwenye jengo. Sheria ya sensa haimruhusu mtu yeyote kumpelekea mwenye jengo, polisi wala uhamiaji jibu la kaya moja. Majina hufungwa kwa miaka 72, ndiyo maana ya mwaka 1950 yalifunguliwa 2022. Mpwa asiyetajwa bado anakula, anapanda basi na anakaa darasani. Tofauti ni kwamba hakuna fedha zinazomfuata.

Kuna kipimo kimoja ningependa kila mzazi akifahamu, nacho ni cha msongamano. Wataalamu huchukua idadi ya watu na kuigawa kwa idadi ya vyumba. Si vya kulala tu. Sebule imo, na jiko limo likiwa limetengwa kwa ukuta, ila bafu na varanda havimo. Zaidi ya mtu mmoja kwa chumba huitwa msongamano, na zaidi ya mmoja na nusu ni msongamano mkubwa. Fleti ya chumba kimoja cha kulala ina vyumba vitatu kwa hesabu hiyo. Watu watatu, salama. Wanne, mmeshavuka. Watano, mmo katika fungu la pili. Nikasema moyoni, basi ukoo wetu wote uliishi katika fungu la pili tangu Pangani, na hakuna aliyetuandikia ripoti. Lakini tusijifariji kupita kiasi. Pangani kulikuwa na baraza na uwanja na pwani. Hapa mtoto hutoka mlangoni akakutana na gari.

Kipimo cha pili ni pango kwa kipato. Pango pamoja na umeme na maji likizidi asilimia 30 ya kipato, kaya huhesabiwa kuwa imeelemewa. Likizidi 50, imeelemewa vibaya. Mwenye dola 3,000 kwa mwezi anayelipa 1,200 yuko kwenye asilimia 40. Fanyeni hesabu hiyo kimyakimya, msimtazame jirani.

Nimekuja kwenye nyumba zenyewe, yaani zile za ndani, kwa kuwa ndizo hoja inazozitaja. Nitasema bila kupaka asali. Ni nyumba za umri wangu, nazo zina maradhi ya umri wangu. Udongo wa Houston ni wa mfinyanzi, hunywa maji ukavimba, hukauka ukapasuka, na sakafu ya zege iliyo juu yake hupanda na kushuka. Ukiona mlango wa chumbani haufungi mwezi wa Agosti na unafunga mwezi wa Machi, jua ni msingi unaozungumza. Mabomba ya majitaka ya nyumba za miaka ya 1950 na 1960 ni ya chuma, yamepita chini ya zege, na yameliwa na kutu. Kuyabadili ni kuchimba chini ya nyumba. Rangi ya kabla ya 1978 yaweza kuwa na risasi. Nyumba za mwishoni mwa miaka ya 1960 baadhi zina nyaya za alumini ambazo kampuni za bima hazizipendi. Mkaguzi wa kawaida hapimi bomba la chini kwa kamera mpaka umwambie na umlipe ziada. Mwambieni. Mlipeni.

Maji ya mvua ni habari nyingine. Mwezi wa Agosti 2017 tufani ya Harvey ilifundisha kwamba nyumba inaweza kufurika ingawa ramani inasema haimo katika bonde la mafuriko. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ya mafuriko hununuliwa mbali, na ile ya serikali kwa kawaida husubiri siku 30 kabla ya kuanza, kwa hiyo haifai kuikimbilia tufani ikiwa tayari katika Ghuba. Muuzaji analazimika kisheria kueleza kama nyumba ilipata kufurika, na tangu 2022 hata mwenye jengo lazima amweleze mpangaji. Watu hawaulizi kwa sababu ya haya. Haya nyingine huzama.

Katika upande wa pili wa mizani, nyumba hizi ziko ndani ya jiji. Basi lipo, maduka yapo, hospitali zipo, na msikiti na kanisa viko umbali wa mguu kwa wengi. Shangazi yetu mmoja, ambaye hajawahi kushika usukani na hana nia, huenda mwenyewe kununua samaki, muhogo na nazi, na kurudi na habari za mtaa mzima. Mpelekeni Katy kwenye nyumba mpya yenye ngazi na dari ndefu, atapata chumba kizuri sana cha kukaa akingoja mtu arudi kazini. Sisemi haya kwa utani. Katika ukoo huu tunao wazee kadhaa wasioendesha gari, na idadi yao itapanda, haitashuka. Nyumba isiyo na ngazi kwa mtu wa miaka 75 ni tiba.

Na kodi ya mali, ambayo huwatisha wengi kwa kuwa Texas haina kodi ya mapato na kwa hiyo hukamua nyumba, ina nafuu zake kwa anayeishi katika nyumba yake. Mwaka 2023 wapiga kura walipandisha msamaha wa kodi ya shule hadi dola 100,000 za thamani ya nyumba, na Novemba 2025 ukapanda hadi 140,000, pamoja na 60,000 za ziada kwa mwenye umri wa miaka 65 au zaidi au mwenye ulemavu. Huyo mzee kodi yake ya shule hufungwa pia kwa kiwango, haipandi tena akibaki humo na asipoongeza jengo. Thamani inayotozwa kwa makazi ya mtu haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Yote hayo hupatikana kwa kujaza fomu, na fomu haijijazi. Najua kaya mbili za ukoo huu ambazo zimelipa kodi nzima kwa miaka kadhaa kwa sababu bahasha ilikuwa ya Kiingereza kigumu.

Bwana Mwenyekiti, kwa kuwa nimeombwa pia nitoe maoni, natoa. Wanaotaka Katy waende kwa heri, wala tusiwaite watoro. Mwenye watoto watatu na gari mbili ana sababu zake, na shule ni sababu nzito. Lakini mfuko huu ni wa sadaka za watu wenye mishahara midogo, na mkopo wake uelekee pale ambapo nyumba moja itawafaa watu wengi wa ukoo, yaani hapa, kwenye nyumba za ndani, karibu na basi. Ningeomba uwekewe masharti manne. Bomba la chini lipimwe kwa kamera kabla ya mkopo kutoka. Bima ya mafuriko ikatwe, hata ramani ikisema hapana haja. Hati isomwe masharti yake, maana mwenzetu anayefikiria kufungua gereji uani atashitakiwa na jirani kabla ya wiki kwisha. Na mkopo wowote usizidi kile ambacho kaya inaweza kurudisha huku malipo yote ya nyumba, pamoja na kodi na bima, yakibaki chini ya theluthi ya kipato. Katibu anayo jedwali niliyoitengeneza kwa kaya za vipato vitatu. Imeandikwa kwa Kiswahili, na nyuma yake ipo orodha ya maneno ya Kiingereza yatakayotokea kwenye mkataba.

Jambo la mwisho ni la tarehe. Notisi za tathmini ya nyumba hufika wakati wa masika ya huku, na mwisho wa kupinga ni tarehe 15 Mei, au siku 30 tangu notisi ilipotumwa kama ni baadaye. Jumamosi ya kwanza baada ya notisi kufika nitakuwa nyumbani kwangu tangu saa tatu asubuhi na kalamu mbili. Njooni na bahasha zenu hata zile mlizokwisha kuzifungua na kuzikunja tena. Chai itakuwepo, vitumbua mje navyo.